Nani alisema vampaya lazima aungue na jua? Uzi wa masharti ya wanyonya damu, kwa wasomaji na waandishi wa simulizi

Mtu wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna simulizi ilikuwa inapandishwa humu, ya mnyonya damu anayeishi Mwanza. Mwandishi akampitisha vampaya wake Makoroboi saa saba mchana, jua la utosi, anachagua mitumba. Basi wachangiaji wakamvaa: vampaya gani huyo anatembea juani, kasome kwanza ndiyo uje uandike. Mwandishi akanyamaza, simulizi ikafia njiani. Imeniuma, kwa sababu kwenye hoja ile yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na waliomvaa walikuwa wanatetea sharti ambalo hata Dracula mwenyewe hakuwa nalo.

Nawafuatilia viumbe hawa tangu enzi za vibanda umiza, vile vya kuoneshea video, na ninachotaka tuelewane ni hiki: hakuna masharti ya asili ya vampaya. Kila sharti mnalolijua lina mtu aliyeliweka, lina mwaka na lina sababu. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa habari ya masharti. Mganga akikupa dawa anakupa na masharti yake, na mganga wa pili akikupa dawa ya shida ileile masharti ni mengine kabisa, na hakuna anayeshangaa. Kinachoshangaza ni mtu kuyavunja aliyopewa halafu dawa ikaendelea kufanya kazi. Kwa vampaya ni hivyohivyo. Mwandishi akivunja sharti aliloliweka mwenyewe, hapo mvaeni, nami nitakuwa nanyi.

Tuanze na jua, maana ndilo lililoleta ugomvi.

Dracula wa Bram Stoker, kitabu cha 1897, anatembea mchana. Jonathan Harker na mkewe Mina wanamkuta London, Piccadilly, watu wamejaa, kasimama anamkodolea macho binti mrembo aliyeketi kwenye gari la farasi. Haungui. Mchana unamnyima uwezo tu: kujigeuza popo au mbwa mwitu ni mpaka adhuhuri kamili, au dakika ile ya jua kuchomoza na kuzama. Rudi nyuma zaidi, Carmilla wa Sheridan Le Fanu, 1872. Huyo anaamka mchana umeshasogea, anakunywa kikombe chake cha chokoleti, anatoka kutembea na rafiki yake, anachoka haraka, basi. Na Lord Ruthven wa John Polidori, 1819, ni bwana wa karamu za wakubwa.

Sasa jua la kuua limetoka wapi? Limetoka Ujerumani mwaka 1922, kwenye filamu ya Nosferatu ya F. W. Murnau. Watengenezaji walichukua kisa cha Dracula bila ruhusa, wakabadilisha majina, mzee akaitwa Count Orlok, na mwisho wakaubadilisha pia. Ndani ya kitabu Dracula anamalizwa kwa visu viwili, kimoja cha koo na kimoja cha moyo, jua likiwa ndiyo linazama. Ndani ya filamu mwanamke anajitoa, anamshikilia yule mzee kitandani kwake mpaka jogoo anawika, mwanga unaingia dirishani, Orlok anayeyuka anakuwa moshi. Mjane wa Stoker akashitaki, mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Chache zikanusurika. Kwa hiyo sharti ambalo leo watu wanalitetea kwa jazba hivi lilizaliwa ndani ya filamu iliyohukumiwa kuchomwa moto. Baadaye, mwaka 1958, Waingereza wakamtoa Christopher Lee akiwa Dracula, naye akageuka majivu mbele ya dirisha lililofunguliwa pazia, na kuanzia hapo jua likawa sheria kwa walio wengi.

Halafu kuna wale wa mwanzo kabisa, kabla ya waandishi. Mwaka 1725, kijiji cha Kisiljevo, Serbia, alikufa mkulima aitwaye Petar Blagojević. Ndani ya siku chache watu kadhaa wakafa, na kabla ya kukata roho wakasema Petar aliwajia usiku akawakaba. Wakafukua. Ofisa wa serikali ya Austria alikuwepo, akaandika taarifa: mwili haujaoza inavyotarajiwa, ndevu na kucha zimeota, damu mbichi mdomoni. Wakampiga mti wa moyo, wakamchoma. Huyu ndiye vampaya wa wanakijiji: hana kasri, hana joho, wala hana ule weupe wa karatasi. Wa kijijini alikuwa amevimba, mwekundu, amenenepa kuliko alivyozikwa. Na anaowarudia ni ndugu zake na majirani.

Sisi wa ziwani hili tunalielewa upesi. Aliyewahi kuwapo mwaloni siku mwili wa mtu aliyezama unaibuka anajua maiti inafanya nini: inajaa gesi, ngozi inabanduka, majimaji mekundu yanatoka puani na mdomoni. Kucha hazioti, ngozi ndiyo inayorudi nyuma. Ukiifukua maiti ya namna hiyo huku watoto wako wanaumwa na hakuna daktari, utaamini amekunywa kitu. Ilibidi Malkia Maria Theresa amtume daktari wake, Gerard van Swieten, kuchunguza, na mwaka 1755 ikapigwa marufuku kufukua na kuchoma maiti kwa shutuma hizo.

Yule mwembamba, mwenye adabu na suti nzuri, ni Polidori aliyemleta. Alikuwa daktari wa mshairi Byron, na watu wakamtambua Byron ndani ya Ruthven mara moja. Toka hapo mnyonya damu akahama kaburi la mkulima akahamia sebule ya tajiri. Naliona hilo ni badiliko kubwa kuliko hata la jua, kwa sababu ukishambadilisha anayetisha umebadilisha na anayetishwa: zamani ulimwogopa shemeji yako aliyekufa, sasa unamwogopa mwenye nyumba wako.

Kitunguu saumu sitakaa nacho sana. Kimo kwa Stoker, kimo kwenye filamu ya Blade ya 1998, na kwenye Sinners ya Ryan Coogler, 2025, watu wanakila mmoja mmoja ili kupimana nani bado ni mtu. Anayeandika vampaya wa Mabatini, hapa Mwanza, ajiulize tu huyo kiumbe atapitaje uchochoro wowote saa moja jioni, kila jiko la mkaa limebandikwa sufuria na kila sufuria ina kitunguu saumu. Ama ulitumie sharti hilo mpaka mwisho, ama uliache.

Sharti ninalolipenda kuliko yote ni la kukaribishwa. Kwa Stoker liko wazi: hawezi kuingia mahali kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa waliomo ndani amruhusu, baada ya hapo anaingia apendavyo. Tazama alivyolitumia. Hospitali ya wagonjwa wa akili ni ya Dk. Seward, lakini anayemkaribisha Dracula ni Renfield, mgonjwa aliyefungiwa chumbani. Ruhusa ya mtu asiye na mamlaka hata juu ya mlango wake ikatosha kuwaponza wote. Kwenye tamthilia ya The Vampire Diaries wakalifanya la kisheria kabisa: anayekaribisha lazima awe mwenye nyumba anayeishi humo, na nyumba ikihamishiwa jina la mtu mwingine, ruhusa za zamani zinakufa. Msweden John Ajvide Lindqvist naye, kwenye kitabu chake cha 2004, akauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: akiingia bila kukaribishwa inakuwaje? Jibu lake ni kwamba kiumbe anaanza kutoka damu mwili mzima, kila tundu la ngozi, mpaka aliye ndani aseme neno. Nilipoitazama ile sehemu kwenye filamu yake ya 2008 nilisimama. Mtoto, ambaye ndiye vampaya, kasimama sebuleni, hasemi kitu, damu inamshuka usoni, na mwenzake alimtania tu kumjaribu. Hapo ndipo sharti linapolipa.

Sasa lilete hapa. Sisi hatuingii kwa mtu bila hodi, na hodi ikipigwa, mdomo unajibu "karibu" kabla kichwa hakijafikiri. Tumelelewa hivyo. Vampaya wa sharti hili akija Mwanza amekuja mji ambao watu wanamfungulia kwa adabu. Na nyumba zetu za kupanga? Vyumba nane, korido moja, choo kimoja nyuma, mwenye nyumba anaishi Buswelu. Mpangaji wa chumba cha tatu akisema karibu, kiumbe amepewa chumba cha tatu au korido nzima? Mtoto wa darasa la pili akijibu hodi, imehesabika? Muuza maji aliyesogea barazani akasema "pita tu, mama yuko ndani"? Simulizi nzima imo humo, na hakuna Mzungu anayeweza kuiandika kabla yetu. Wakati huohuo wengi wetu tulionywa na bibi zetu tusiitike jina likiitwa usiku na mtu tusiyemwona. Yaani hodi ya mchana na mwito wa usiku vina sheria mbili zinazopingana, na mnyonya damu anaishi katikati yake.

Msalaba nao umepita mikono mingi. Kwa Stoker unafanya kazi wenyewe. Kwa Stephen King, kitabu cha Salem's Lot cha 1975, unawaka ilimradi aliyeushika anaamini. Padre Callahan imani inamponyoka, unazima mkononi mwake, kiumbe anauchukua na kuuvunja. Anne Rice, 1976, akaufuta kabisa, vampaya wake Louis anasema anapenda kuitazama misalaba. Aliyekwenda mbali ni Richard Matheson, 1954, kwenye I Am Legend. Kwake uvampaya ni ugonjwa wa bakteria, na msalaba unamtisha yule tu aliyeuheshimu akiwa hai. Jirani wa Neville, shujaa wa kitabu hicho, alikuwa Myahudi, msalaba haukumgusa, mpaka alipooneshwa Torati. Kwa mji wenye misikiti na makanisa mtaa mmoja kama wetu, huyu Matheson ndiye wa kusoma, kwa sababu anakulazimisha umjue marehemu alikuwa nani kabla ya kuchagua cha kumwinulia.

Usiku wetu nao ni suala. Walioandika 30 Days of Night waliwapeleka vampaya kaskazini kabisa mwa Alaska, ambako majira ya baridi jua linapotea kwa wiki nyingi. Mwanza tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Jua linachomoza kama saa moja kasorobo, linazama kama saa moja kasoro dakika chache, na urefu wa usiku haubadiliki hata nusu saa mwaka mzima. Vampaya wa jua akija huku hana msimu wa neema wala wa njaa. Na giza linaingia haraka, hakuna yale machweo ya kudumu muda mrefu ya huko kwao. Aliyechelewa barabarani amechelewa.

Mwisho, la kwetu wenyewe. Wazee wengi walikua na habari za mumiani, wanaokamata watu na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya hadithi hizi za Afrika Mashariki na Kati za enzi za ukoloni, akatoa kitabu mwaka 2000: wazimamoto wenye magari, mashimo ya kuwaficha watu, damu inayokwenda kuwa dawa. Ukimpima mumiani kwa yote niliyoeleza hapo juu, hana hata moja. Haogopi jua wala kitunguu. Hasubiri karibu, hana meno. Ana sare, gari, sindano na mshahara. Watu waliotawaliwa walisimulia hivyo kwa sababu ndivyo walivyoona wakichukuliwa. Lakini hapo pana hatari ambayo vampaya wa vitabuni hana. Wa vitabuni anapimika, unamwekea kioo, asipoonekana ndani yake, unajua. Mumiani hana kipimo, kwa hiyo anayesingiziwa hana la kujisafisha nalo. Malawi, mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwenye wilaya mbili za kusini. Hiyo haikuwa simulizi.

Karibuni tujadili. Na yule mwandishi, kama unasoma, rudi.

Binti Pansiansi

Mkuu umeandika vizuri, ila sikubali yote. Kila kitu kikiruhusiwa, basi neno vampaya halina maana tena. Twilight wamemfanya anametameta juani kama kapakwa glita. Huyo bado ni vampaya au ni malaika wa Krismasi? Lazima kuwe na mpaka.

Mtu wa Kirumba

Dada, mpaka upo, nami nauona hapa: anaendelea kuishi kwa kuchukua uhai wa wengine, na aliwahi kuwa mtu kama wewe. Ukitoa kimojawapo umepata kiumbe kingine. Yaliyobaki ni masharti.

Kuhusu Twilight, mimi pia ule mng'ao haunivutii, lakini Stephenie Meyer hakuuacha uelee. Kwa kuwa jua linawafichua, familia ile ya vampaya inaishi Forks, mji wa mvua na mawingu karibu mwaka mzima, na siku jua likitoka watoto wale hawaendi shule. Sharti limechagua mji, limechagua ratiba. Nampa haki yake. Ninaowalalamikia ni wale ambao sura ya kwanza jua linaua, sura ya tisa shujaa anatoka nje asubuhi kumwokoa mchumba na hakuna anayeuliza.

Halafu tafuta kitabu cha Fledgling cha Octavia Butler, 2005. Msichana wake Shori ana ngozi nyeusi, wenzake ni weupe wa kupauka, na weusi huo ndio unaomwezesha kukaa macho na kutembea mchana. Wapo wanaomchukia na kuua kwa ajili hiyo. Sharti la jua, lililokuwa la kumaliza filamu, limegeuka mjadala wa ubaguzi. Filamu ya Blacula ya 1972 pia: Mamuwalde ni mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyekwenda kwa Dracula kuomba msaada wa kukomesha biashara ya utumwa, akageuzwa na kufungiwa ndani ya jeneza. Mwisho anapanda ngazi mwenyewe kwenda kwenye jua. Kaamua. Kwa Orlok jua lilikuwa mtego, kwa Mamuwalde ni mlango wa kutokea.

Mzee wa Mwaloni

Vijana, nimesoma mpaka mwisho. Umesahau mwezi. Sisi tulikuwa tunavua dagaa kwa karabai, siku hizi wanatumia taa za sola. Kazi ni siku za giza. Mwezi ukikomaa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mnapumzika kambini, mnashona nyavu, wengine wanakunywa. Kama huyo mtu wenu anakuja siku za giza, visiwani hatakuta mtu, wanaume wote wako majini. Habari ya mumiani ni kweli tuliogopeshwa nayo utotoni. Ukiona gari usilolijua limesimama pembeni, unapita porini.

Mtu wa Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Umenipa kitu kikubwa.

Lord Ruthven anapigwa risasi na majambazi Ugiriki, na kabla hajafa anaomba maiti yake iwekwe juu ya mlima ipigwe na mwale wa kwanza wa mwezi. Inapelekwa, kesho yake haipo. Vampaya Varney, ambaye kisa chake kilitoka kwa vipande vya kila wiki Uingereza kati ya 1845 na 1847, ni vilevile: muue utakavyo, mwezi ukimgusa anaamka. Sharti hili limesahaulika tangu jua lilipotawala, na kumbe ndilo linalotufaa. Vampaya wa mbalamwezi anakuwa na nguvu siku zilezile ambazo wavuvi wote wako nchi kavu, wamelala kambini, wamechoka, wamelewa. Siku za giza, ziwa zima likiwa na taa, yeye ni dhaifu na kambi ina wanawake, watoto na wachuuzi. Hapo mwandishi hahitaji kalenda ya kubuni. Kalenda ya dagaa inamtosha.

Mzee wa Mwaloni

Marahaba. Andikeni basi, msiishie kubishana.

Nesi wa Zamu

Naomba niseme la moyoni. Nafanya kazi ya kuhamasisha uchangiaji damu. Kila mara kuna mtu anauliza damu inakwenda wapi, inauzwa kwa nani. Mama aliyejifungua anavuja, ndugu wako nje kumi na mbili, wanaangaliana. Mkiandika mumiani mwenye koti jeupe mnatuongezea kazi, na kuna mtu atakufa. Nawaomba vampaya wenu wabaki kwenye makasri.

Mtu wa Kirumba

Dada yangu, nimekuelewa, na kwenye simulizi zangu sitamvika mtu wa hospitali sura hiyo. Lakini siwezi kukubali kwamba mumiani asiandikwe. Tukimwacha, atabaki kwenye uvumi, ambako hana mwandishi wala mwisho. Akiandikwa vizuri anaweza kuoneshwa alikotoka: mtu aliyelazimishwa kazi, akapigwa kodi, akaona mwenzake kachukuliwa na gari hakurudi. Na anaweza kuandikwa kutoka upande wa yule anayesingiziwa. Dereva mgeni, gari limeharibika jioni nje ya kijiji, watu wanaanza kukusanyika, na hakuna sharti hata moja analoweza kulitimiza ili waamini ni mtu. Kula kitunguu saumu hakutamsaidia. Kwangu mimi hiyo inatisha kuliko meno.

Nesi wa Zamu

Hiyo ya dereva iandike. Ila mwisho wake asife.

Chuma cha Pua

Wachina nao vipi? Nakumbuka tulitazama wale wanaorukaruka mikono mbele.

Mtu wa Kirumba

Jiangshi, mkuu. Filamu iliyowatangaza ni ile ya Hong Kong ya 1985. Maiti imekakamaa, haikunji magoti, ndiyo maana inaruka. Inakutambua kwa pumzi, ukiizuia inakupita. Ukiibandika karatasi ya njano yenye maandishi usoni inasimama. Kile kipande cha watu kuziba pua huku maiti imesimama mbele yao ndicho kilichokuwa kinanyamazisha kibanda umiza kizima, hata DJ wa kutafsiri alikuwa anaacha kusema. Afrika Magharibi nao wanao, Asanbosam wa Waasante, meno ya chuma na miguu ya kulabu, ananing'inia juu ya mti msituni. Adze wa Waewe anaingia ndani akiwa kimulimuli. Huyo wa kimulimuli haombi hodi, anapita tundu la kitasa.

Kijana wa Nansio

Mimi naandika. Vampaya wangu yuko Ukerewe, nataka aje Mwanza mjini. Nimesoma kwamba hawavuki maji. Nimekwama hapo wiki nzima. Nimvushe kwa meli ya Nansio, apite Rugezi hadi Kisorya na kivuko kisha Bunda, au nilifute sharti?

Mtu wa Kirumba

Usilifute, ndugu yangu, hapo ndipo pana utamu.

Kwa Stoker maji yanayotiririka anayavuka wakati bahari imetulia au imejaa tu. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa maana ile, kwa hiyo sharti hilo ukilileta jinsi lilivyo halitakusaidia, lazima uamue: ziwa ni maji yaliyotulia siku zote, au ni ukuta. Fanya ukuta. Sasa kumbuka Dracula alifikaje Uingereza. Alisafirishwa ndani ya sanduku la udongo wa kwao, amebebwa na meli, na baharini alitegemea wengine wambebe. Kwa hiyo wako pia abebwe. Na ni mzigo gani unaovuka kutoka Ukerewe ukiwa umefungwa, hakuna askari wala karani anayethubutu kuufungua, na abiria wote wanaupisha? Jeneza. Marehemu anapelekwa kuzikwa kwao Mwanza. Pita Rugezi, kivuko ni kifupi, usiku hautakuishia majini.

Ila angalia kitu kimoja. Jeneza likifika, wafiwa wanaliingiza sebuleni wao wenyewe, wanalipokea kwa nyimbo. Kwa sharti la kukaribishwa, ukoo mzima umeshamkaribisha kabla hajafumbua macho. Halafu kunakucha, watu wanapanga mstari kuaga, kifuniko kinafunguliwa, na huko Kisiljevo tumeshaona maiti ya namna hii inaonekanaje: nyekundu, imenenepa, haijaoza. Shangazi mmoja lazima ashituke. Amua kwanza huyo shangazi ni nani na atamwambia nani, kisha ndiyo uandike safari.